Mkwaruzo Namba Arobaini na Moja

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Jua lilitoka na ukali wake tangu saa moja asubuhi. Upepo hakuna, wingu hakuna. Saa tano kipimajoto kilichoning'inia kwenye msumari kilisoma nyuzi thelathini na tatu.

Hivyo ndivyo Isaya Ngeleja alivyoandika juu ya ukurasa siku ile, kama alivyoandika kila siku ya kazi kwa miaka kumi na mitatu, tangu afungue kibanda chake cha ufundi redio pale Mlandizi. Aliyelichungulia daftari lake alidhani ni la mkulima anayesubiri mvua. Kumbe Isaya hakuwa na shamba la kuhangaikia. Alikuwa na transista, vipande vidogo vinavyokuza sauti ndani ya redio, tena zile za zamani zilizotengenezwa kwa madini ya gerimani, ambazo joto huzibadilisha tabia kama njaa inavyombadilisha mtu. Asubuhi ya baridi zinaimba, adhuhuri zinanung'unika, na ukizichezea vibaya na chuma cha kulehemu zinakufa bila hata kutoa moshi. Ndiyo maana kwenye jalada la ndani la daftari aliandika kwa wino mwekundu: Baada ya saa nne asubuhi, usiziguse.

Alizaliwa Magu, Usukumani. Alipokuwa na miaka minne ugonjwa ulimpooza mguu wa kushoto, na baba yake, mfugaji, akasema bila ubaya wowote kwamba ng'ombe anataka miguu miwili nyuma yake. Basi ndugu zake wakaenda machungani, yeye akaenda shule mpaka kidato cha nne. Jioni alikaa na redio ya nyumbani, akiifungua na kuifunga. Mwaka 2006 ukoo ulipohama na mifugo kuja Pwani na kufikia kijiji cha Janga, kila mmoja alipata kazi ya kufanya isipokuwa yeye. Akachechemea mpaka Mlandizi kwa fundi mmoja mzee aitwaye Hussen, akamwomba amfundishe. Hussen alimfundisha miaka sita, na siku ya kufa kwake alimwachia vitu viwili: koleo ndogo, na kopo la maziwa lililojaa transista za zamani.

Kopo lile ndilo lililomtoa Isaya kwenye redio na kumwingiza kwenye magitaa. Mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa lao alimletea kifaa kilichokufa, kisanduku cha chuma ambacho mpigaji hukikanyaga kwa mguu, na sauti safi ya gitaa ikachanika, ikakwaruza. Wapigaji wanakiita fazi. Isaya alikifungua, akakuta transista mbili na vikorokoro vichache, akacheka peke yake. Aliona ni redio iliyokatazwa kuimba vizuri. Akakitengeneza, na mwezi uliofuata akaunda cha kwake.

Alikiita mkwaruzo. Visanduku alisubiwa na mafundi wa sufuria, wale wanaoyeyusha vyuma chakavu, kwa hiyo kila mkwaruzo wake ulikuwa mzito kama mfuniko wa chungu na ulikuwa na vishimo vidogo usoni kama ndui. Uzuri wake ulikuwa ndani. Mikwaruzo mingine hutoa sauti moja tu. Wa Isaya ulikuwa na swichi ya njia tatu na vifundo vitatu vya kuzungusha. Njia ya kwanza ilitoa nyuki ndani ya debe. Ya pili, tarumbeta. Ya tatu aliiita koo, maana gitaa lilitoka kama mzee anayejisafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Na mpigaji akipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, makwaruzo yote yanaondoka na kubaki sauti safi kama maji matupu. Wapigaji walitoka Chalinze na hata Dar es Salaam kuutafuta. Hakutengeneza zaidi ya minne kwa mwaka, na kila mmoja aliupa namba.

Kazi hiyo yote aliifanya akiwapa watu mgongo. Meza yake ilitazama ukuta. Aliwaambia wateja ni kwa ajili ya vumbi la barabarani, na ilikuwa kweli, ila pia hakupenda mtu amtazame mikono.

Basi Jumanne hiyo, saa tano, akasikia nyuma yake sauti aliyoifahamu ikipiga hodi. Alikuwa Bi Mwanaamina wa Msimbu, kule Kisarawe, ameshikwa mkono na mjukuu wake Firdausi, fundi cherehani ambaye kibanda chake kilielekeana na cha Isaya. Bi Mwanaamina alikuwa ametoka eda wiki mbili tu. Juu ya mikono yake alibeba redio ya mbao iliyofungwa kwa kanga, kama anavyobebwa mtoto mgonjwa.

Redio ile Isaya aliijua kuliko alivyowajua baadhi ya shemeji zake. Ilikuwa ya marehemu Mzee Abdulaziz, mume wa bibi huyo, aliyeinunua mwaka 1974 kwa korosho zake za kwanza. Miaka saba nyuma, masafa ya zamani yalipozidi kuwa matupu, Isaya aliifungia kijisahani cha FM ndani, lakini sehemu ya kukuza sauti na spika aliziacha zilezile. Kwa hiyo ilitangaza habari za leo kwa sauti ya zamani, nzito, yenye makwaruzo. Mzee Abdulaziz naye alikuwa na sauti hivyohivyo. Wenyewe walikuwa wakitaniana kwamba haijulikani nani alimwambukiza mwenzake.

Utani haukuwa wa maneno matupu. Abdulaziz alikuwa Mzaramo, Isaya Msukuma, na hao ni watani tangu mababu. Mzee alikuwa akifika kibandani anatangaza kwa sauti kwamba amekuja kuhesabu betri zake kabla Msukuma hajazilisha ng'ombe. Isaya alimjibu kwamba Mzaramo hana cha kuibiwa ila usingizi. Na mzee alipofariki mwezi wa tisa, Isaya alikwenda Msimbu akatimiza wajibu wa mtani. Alivaa kofia ya marehemu, akajongea katikati ya waombolezaji, akauliza kwa sauti ile ya makwaruzo nani ameizima redio wakati taarifa ya habari bado. Watu walilia na kucheka kwa pumzi moja. Kisha akakamata kuku wa nyumba ile mbele ya macho yao wote, akaondoka naye, na hakuna aliyemgombeza, maana hiyo ni haki ya mtani.

Sasa bibi alikaa kwenye kigoda akaeleza shida yake. Redio imenyamaza tangu mwezi wa kumi na moja. Ndani ya eda hakuweza kuitoa, na sasa mfungo wa Ramadhani unakaribia. Miaka hamsini walifuturu kwa adhana ya redio hiyo, iko chumbani, wao wako barazani. Kisha akamwambia Isaya neno ambalo baadaye halikumtoka.

"Mtani, sikudanganyi. Ikiwa inaongea chumbani, mimi huku nje najua yumo ndani."

Isaya alimhakikishia kwamba itapona. Bibi akatabasamu kwa mara ya kwanza, akamwonya kwamba betri zimehesabiwa.

Walipoondoka, aliifungua. Ugonjwa ulikuwa mdogo wa kuaibisha: waya wa swichi umekatika. Dakika tano zingetosha. Lakini macho yake yalishaziona zile transista mbili kwenye sehemu ya kukuza sauti, zimesimama bega kwa bega, na mkono ukasita.

Mkwaruzo namba arobaini na moja ulikuwa umekaa kwenye rafu miaka miwili ukisubiri. Ulikuwa wa Simoni, mpiga gitaa wa sasa wa kwaya, kijana mwenye vidole vya ajabu na maneno mengi. Isaya aliazimia uwe bora kuliko yote aliyowahi kuunda, na kwa hilo alihitaji transista mbili zinazolingana kama pacha. Kopo la Hussen lilikuwa limebakiza magarasa. Aliuliza mpaka kijiji cha Marui, akanunua redio mbovu kwa wakulima, hakupata. Jumamosi ile kwaya ilikuwa inakwenda kurekodi.

Asubuhi ya Jumatano, kabla jua halijapanda, alizitoa akazipima. Alizipima mara tatu. Zilikuwa pacha.

Hakujiita mwizi. Alijiambia kwamba anaiboresha redio ya bibi, maana aliiwekea transista mpya za silikoni, akabadilisha na rezista zake, vile vijiti vya kupunguza umeme, na sauti ikatoka safi, haina hata chembe ya mkwaruzo. Kwa kazi hiyo hakumtoza kitu. Na pale dhamiri ilipomchoma, alijiambia jambo jingine: mtani huchukua kwa mtani, na mtani hachukii.

Alhamisi bibi alikuja. Isaya aliiwasha. Mtangazaji akasikika kana kwamba amekaa pale mezani. Bi Mwanaamina alisikiliza ameinamisha kichwa, muda mrefu kuliko kawaida ya mtu anayejaribu redio. Kisha akaizima mwenyewe, akaifunga kanga yake.

"Ahsante, fundi," alisema. "Imetakata."

Hakuzitaja betri. Isaya alimtazama akivuka barabara na mjukuu wake, na neno lile fundi likambakia sikioni kama punje ya mchanga. Kwa miaka yote hakuwahi kumwita hivyo.

Jumapili Simoni aliukanyaga mkwaruzo namba arobaini na moja kanisani kwa mara ya kwanza mbele ya waumini. Nyuki wakavuma, tarumbeta ikalia, na vijana wa nyuma wakageuziana macho. Mke wa Isaya, Loyce, alimgusa mumewe kiwiko kwa fahari. Kisha kwenye wimbo wa maombolezo Simoni akaisukuma swichi kwenye njia ya tatu.

Isaya alisikia koo likisafishwa. Halikuwa gitaa tena. Lilikuwa baraza la Msimbu, mlango uliofunguliwa nusu, na mtu chumbani anayeuliza kama chai ipo. Alitazama chini kwenye mguu wake uliopooza mpaka wimbo ukaisha. Loyce alimwuliza njiani kama anaumwa. Akasema ni joto.

Siku kumi zilipita. Jumatano ya tarehe 26 Firdausi alivuka barabara kuja kuomba mafuta ya mashine, na katika mazungumzo Isaya akamwuliza, kama mtu asiyejali sana, redio ya bibi inaendeleaje. Binti yule alitaka kusema nzima, akashindwa. Alieleza kwamba bibi aliiwasha siku ya kwanza tu. Aliizunguka, akaisogeza dirishani, akairudisha chumbani, akaenda kukaa barazani, akarudi akaizima. Ameifunika kanga. Mama yake Firdausi alipomwuliza kwa nini, alisema hapendi kukaa nyumba moja na mwanamume asiyemjua.

"Lakini usimwambie nimekuambia," Firdausi alisema. "Yeye mwenyewe amesema fundi amejitahidi, asisumbuliwe."

Jioni Isaya alimweleza Loyce kila kitu. Alieleza hata ile hoja yake ya utani, akitumaini kidogo kwamba mkewe ataishika. Loyce alikuwa anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Yule kuku wa msibani ulimkamata wapi?"

"Uani kwao."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo wote."

"Na hizi?"

Loyce akaendelea na mchele wake.

Ijumaa asubuhi na mapema alikuwa kwa Simoni. Ramadhani ilitazamiwa kuanza Jumamosi au Jumapili, kutegemea mwezi. Hesabu yake ilikuwa kwamba atauchukua mkwaruzo, atazitoa transista, na siku hiyohiyo apande gari la saa nane na Firdausi kwenda Msimbu, akazirudishe palepale zilipotoka, bibi afuturu na sauti yake. Simoni alimsikiliza akiwa na mswaki mdomoni, kwanza akidhani ni mzaha. Akamwuliza Msukuma gani anayemwogopa bibi wa Kizaramo. Akasema yuko tayari kumpa bibi huyo redio mpya yenye bluetooth na taa za disko. Alipoona Isaya hacheki, alitema povu, akakaa.

"Kaka, huu mkwaruzo ndiyo mara ya kwanza nimepiga gitaa nikasikia kuna mtu ndani yake."

"Yumo," Isaya alisema. "Ndiyo maana nimekuja."

Simoni alibishana kwa muda mrefu. Alimkumbusha miaka miwili aliyosubiri, na rekodi ambayo bado nyimbo tatu hazijaingizwa. Mwishoni alileta kisanduku, lakini hakukitoa mkononi mwake kwa urahisi, na mabishano yale yaliila asubuhi nzima. Isaya alipofika kibandani kwake, kipimajoto kilisoma thelathini na nne. Ilikuwa saa sita kasoro.

Aliitazama ile amri ya wino mwekundu. Alijua. Kwa miaka kumi na mitatu hakuwahi kuivunja, na fundi mwingine yeyote angeivunja mbele yake angemkemea. Ila gari lilikuwa la saa nane. Alilowesha kitambaa, akaibana miguu ya transista kwa koleo ya Hussen ili joto lisipande, akapasha chuma. Ya kwanza ilitoka vizuri. Kwenye ya pili jasho lilimwingia jichoni, koleo ikateleza kidogo, na chuma kikakaa mahali pale sekunde mbili zaidi ya inavyostahili.

Ilitoka ikiwa nzima kwa kuitazama. Alisubiri ipoe, akaipima. Akabadilisha waya za kipimo, akaipima tena. Akaipeleka nyuma ya kibanda kwenye kivuli, kwenye ndoo ya maji ya baridi iliyofunikwa sahani, akaiweka juu ya sahani, akakaa nayo nusu saa. Alipoipima mara ya tatu bado ilikuwa mfu, na Firdausi alikuwa anaita kwamba gari limefika. Isaya alimwambia atangulie, yeye ataondoka kesho.

Jumamosi, tarehe 1 Machi. Manyunyu alfajiri, kisha mawingu mazito, nyuzi ishirini na sita. Siku nzuri kuliko zote za kulehemu, na Isaya hakuwa na cha kulehemu. Alifika Msimbu saa tatu na nusu. Bi Mwanaamina alikuwa barazani anachambua kunde. Isaya alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaletewa kigoda. Chumbani kulikuwa kimya.

Hakuzunguka. Alisema waya wa swichi ndio pekee uliokuwa mbovu. Alisema alichochukua, alichokifanyia, na jinsi alivyokiunguza. Kisha akafungua kikaratasi, akaziweka zile transista mbili kwenye kiganja cha bibi. Zilikuwa ndogo, kila moja na miguu yake mitatu, kama wadudu.

Bibi alizisogeza karibu na macho.

"Hizi ndizo zilizokuwa zinakwaruza?"

"Ndizo, mama."

"Aliyekufa ni yupi?"

Isaya alimwonyesha. Bibi aliigusa kwa ncha ya kidole, akaigusa na nyingine. Aliuliza kama huyu aliyebaki anaweza kusema peke yake. Isaya alisema hawezi, walikuwa wanapokezana, mmoja anapanda mwenzake akishuka, na akiwekewa mgeni hawapatani. Bibi alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeambiwa habari ambayo tayari anayo.

"Ungeniomba ningekupa," alisema baadaye. "Mwenyewe angekuwepo angekupa redio nzima, na tusi juu yake. Mtani huchukua, wewe unajua. Lakini huchukua mwenyewe anamtazama."

Isaya alisema anajua.

Hakumfukuza. Alimpa uji, akauliza hali ya Loyce na ya ng'ombe wa Janga. Alizifunga transista zote mbili, nzima na mfu, kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno. Isaya alipoinuka kuaga, alijaribu neno moja la utani wa zamani, kuhusu Mzaramo na usingizi wake. Lilianguka pale chini barazani na hakuna aliyeliokota.

"Nenda salama, fundi," alisema Bi Mwanaamina.

Usiku ule mwezi ulionekana.

Kesho yake asubuhi, Jumapili, Isaya hakwenda kanisani, ambako Simoni angepiga gitaa safi kama maji. Alikwenda Mlandizi. Vibanda vyote vilikuwa vimefungwa isipokuwa cha Firdausi, aliyerudi jana jioni na alikuwa anamalizia baibui la mtu kabla saumu haijamchosha. Isaya alifungua mlango, akatoa vifaa vyote mezani, akavipanga chini juu ya gunia. Kisha akaushika mguu wa meza, akauvuta. Meza ilikuwa imekaa pale miaka kumi na mitatu, ilikuwa imezama kwenye sakafu ya udongo. Alivuta, akapumzika, akavuta, mguu mzima ukikanyagia na mguu mgonjwa ukiburuzika. Firdausi alisimamisha cherehani akauliza kama amsaidie. Isaya akasema hapana.

Alipomaliza, meza iliupa mgongo ukuta na kutazama barabara. Vumbi lilikuwa linaingia, na jua lilimpiga usoni. Alirudisha vifaa mahali pake, akafungua daftari, akaandika tarehe na hali ya hewa, akaweka mikono juu ya meza.